Hoja ya Asiyekuwepo

Tangu Bi Mapazia ahamie kwa binti yake, Mzee Mita alikuwa akiwahi kufika chumba cha kusomea, anakaa kiti chake cha dirishani, kisha anavua kofia na kuiweka juu ya kiti cha mbele yake. Si kwamba kulikuwa na mtu wa kukigombea. Chumba kile kilikuwa na viti vingi kuliko wasomaji. Ila mtu akiingia akakuta mzee ameketi mbele ya kiti kitupu, humwonea huruma. Akikuta kofia, hudhani kuna mtu anakuja.

Jina la Mita alilipata kazini. Aliitumikia idara ya maji mpaka akastaafu, akipita nyumba hadi nyumba na kulabu ya kufunulia vifuniko vya chuma na brashi ndogo ya kufutia vumbi kwenye kioo cha mita. Alijua mende wa kila kisanduku na mbwa wa kila geti. Shule aliiacha mapema. Vitabu alijifunza mwenyewe, ukubwani, kidole chini ya mstari, na mpaka leo alikuwa haruki ukurasa, hata ule wa shukrani. Alikuwa mpole wa maneno na mzito wa kuhukumu. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atatoka kwanza nje akatazame.

Bi Mapazia alikuwa mtu wa namna nyingine. Marehemu mumewe alifanya kazi na Mita, wakaishi kama waliotoka tumbo moja, ndiyo maana wawili hawa waliitana shemeji. Alishona mapazia. Alianzia barazani na cherehani ya mkono, akaishia na duka na wasichana wa kushona, na hapakuwa na dirisha la maana mitaa ile ambalo hakulipima yeye. Serikali haikuwahi kumkopesha hata sindano. Hilo alilisema kila alipopata nafasi, na asipoipata aliitengeneza.

Kila Jumamosi walikutana pale dirishani, na kila mmoja alimletea mwenzake kitabu alichokisoma karibuni. Ukipewa, unasoma, kukataa hakupo. Mita alimpa shemeji yake kitabu kuhusu mji ulionuka mpaka watu wakazimia, hadi halmashauri ilipochimba mifereji ya majitaka chini ya barabara zote. Bi Mapazia alikirudisha Jumamosi iliyofuata akiwa ameziba pua.

"Kizuri, shemeji, lakini wiki nzima nimelala na harufu."

Naye akampa kitabu cha wafanyabiashara waliochoka kungoja, wakachanga na kujikatia barabara milimani wenyewe. Mita alikisoma mpaka maelezo ya picha. Hapo ndipo ubishi wao ulipoota mizizi: jambo la watu wote, nani alitolee fedha? Serikali, au kila mtu na mfuko wake?

"Fedha ya serikali ni nguo ya kuazima," alisema Bi Mapazia. "Anayeivaa haoni uchungu ikichanika."

Mita akaenda nalo nyumbani. Jumamosi iliyofuata, kabla hata ya salamu kwisha, akasema, "Na fedha ya mtu binafsi ni mwavuli. Humfunika aliyeushika."

"Hilo umelifikiria tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Pole na kazi, shemeji." Bi Mapazia alicheka mpaka mkutubi akagonga meza.

Walikuwa pia na sheria yao, na hiyo ilitokana na kosa la Mita. Siku moja Bi Mapazia hakuja; alikuwa akitundika mapazia ya hoteli. Wasomaji wakamwuliza Mita ubishi umefikia wapi, naye, kwa kutaka kuchekesha tu, akasema, "Shemeji yangu anataka kila mtu achimbe kisima chake na azike takataka zake mwenyewe." Watu wakacheka. Maneno hayana miguu lakini hufika. Jumamosi iliyofuata Bi Mapazia alikuja amekunja uso.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Karibu na hivyo."

"Karibu na hivyo ndipo umbea unapokaa, shemeji. Basi sikiliza. Kuanzia leo, asiyekuwepo asemewe kwanza. Na asemewe vizuri, kama ambavyo angejisemea mwenyewe akiwa ameoga na ameshiba. Ukishamaliza langu, ndipo useme lako."

Mita alikubali, na jambo akilikubali hulishika. Kwa kuwa kazi za hoteli zilikuwa nyingi, alipata mazoezi ya kutosha. Alijifunza kumsemea shemeji yake kwa mifano yake, kwa kituo anachoweka kabla ya kuchoma, hata kwa ule mkono wake wa kupima kitambaa hewani. Mkutubi, msichana mwajiriwa wa halmashauri, alikuwa akisogeza kiti aje asikilize.

Kisha goti la Bi Mapazia likakataa ngazi, macho yakaanza kumletea ukungu, na binti yake akaja kumchukua, akampeleka mji wa mbali anakoishi na mumewe. Siku ya kuondoka alimpa Mita riwaya nene, akamwambia, "Hii usiponililia mwisho wake, sisi si ndugu tena." Mita aliisoma mpaka zikabaki kurasa chache, akaacha. Akiimaliza atamwambia nani?

Mwanzoni alipiga simu. Aliyepokea alikuwa binti kila mara.

"Mama amejinyoosha kidogo, baba mdogo. Nitamwambia."

Binti alikuwa na adabu, na huenda alimwambia kweli. Lakini Mita hakutaka kuwa mzigo katika nyumba ya watu. Akapunguza kupiga, kisha akaacha. Nyumbani kwake alianza kuacha redio ikiongea peke yake mpaka saa ya kulala.

Wakati huo ndipo habari zilipofika kwamba halmashauri haina tena fedha za kukitunza chumba cha kusomea. Paa linavuja, vitabu vimezeeka. Kuna mfanyabiashara wa vifaa vya ofisi aliyejitolea kukichukua: ataezeka upya, ataleta kompyuta na mashine za kutoa nakala, na msomaji atalipa kidogo mlangoni. Kabla ya kukata shauri, diwani angekuja kuwasikiliza wananchi mlemle chumbani.

Mkutubi alimfuata Mita dirishani. Hakukaa kwenye kile kiti. Alisimama kando yake, akilichezea pindo la mtandio.

"Baba, wewe ndiye utusemee. Mimi nikinyanyua mdomo wataona natetea mkate wangu."

"Wapo wenye sauti kuliko mimi."

"Wenye sauti wapo. Anayesikilizwa ni wewe. Umewafunulia mita zao maisha yao yote, hujamwongezea mtu hata tone."

Mita alikubali. Alijiandaa kama alivyojiandaa kwa kila jambo, kwa miguu. Alirudia njia yake ya zamani ya kazi, nyumba baada ya nyumba, na kwenye kila kifuniko cha chuma alichokitambua aliweka sehemu ya hotuba yake kichwani. Nusu ya njia, mpaka kona ya msikiti, ilikuwa ya shemeji, nusu yake. Haikumjia hata mara moja kupanga vingine. Mwenzake hayupo, na asiyekuwepo husemewa kwanza.

Siku ya mkutano chumba kilijaa kama ambavyo hakijawahi kujaa kwa ajili ya kusoma. Watu walikaa mpaka juu ya meza ya magazeti. Mtu mmoja alitaka kiti cha mbele ya Mita. Mita akaichukua kofia yake na kuipakata. Diwani aliketi mahali pa mkutubi, mtu mnene mchangamfu, anayefuta jasho shingoni na kumwita kila mtu ndugu. Mfanyabiashara aliketi pembeni, mikono magotini, kama mchumba anayesubiri jibu.

"Ndugu zangu, kila mtu atazungumza mara moja, na kwa kifupi," diwani alisema. "Tukiachiana hapa tutakesha."

Zamu ilipofika, Mita alisimama. Alikohoa, akasema kwa sauti yake ndogo, "Nitaanza na la mwenzangu ambaye hayupo." Waliokuwa mbele walisikia, labda. Nyuma walikuwa bado wanasogezana.

Akaanza.

"Jamani, nyie hamjawahi kununua pazia? Ukinunua la kwako, unapima dirisha, unalipima tena, unashika kitambaa, unakitazama juani, unauliza kikifuliwa kitapauka? Kwa sababu ni lako. Nenda sasa ofisi ya serikali ukatazame mapazia." Akaweka kituo. "Moja fupi, moja refu. La tatu limefungwa fundo."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Diwani naye alicheka, akaacha kufuta jasho. Mita alisikia kicheko kile, na ndani ya kicheko akasikia kitu kingine. Sauti iliyokuwa ikitoka kinywani mwake haikuwa ndogo tena. Ilikuwa na ule mkwaruzo, ile haraka, yule mtu mwenyewe. Mkono wake uliinuka ukapima kitambaa hewani.

Alikuwa amejiwekea kumsemea shemeji yake mpaka kwenye kona ya msikiti, kwa hesabu ya vifuniko vyake, kisha aingie katika lake. Alifika kwenye kona ile akapitiliza. Akasema habari ya nguo ya kuazima. Akasema habari ya barabara ya milimani. Akasema mambo ambayo Bi Mapazia hakuwahi kuyasema ila angeyasema, maana yalikuja yenyewe: kwamba mtoto haachi kulia kwa kuwa baba ameahidi maziwa, huacha kwa kuwa jirani ameyaleta, kwamba paa haliulizi nani kaliezeka. Kwa miezi yote ile hakuwa ameisikia sauti hiyo. Nani angeikatiza?

Watu walipiga makofi. Alipovuta pumzi ili sasa ageuke aseme lake, diwani alikuwa amekwisha kusimama.

"Ahsante sana, mzee wetu! Ahsante! Hapo umetumalizia."

"Bado," alisema Mita. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ndogo. "Hilo si langu. Langu ndilo linakuja."

Wakacheka tena. Walidhani ni utani mwingine. "Mzee ana mambo huyu!" mtu alisema nyuma.

"Lako tumelisikia, mzee, na nafasi ni moja moja. Anayefuata!"

Mtu mwingine angepaza sauti. Mita alisimama kidogo, kama anayesubiri mlango ufunguliwe, kisha akaona wengine wanasubiri zamu zao, akaketi. Mkutubi, aliyekuwa amesimama kwenye rafu, alimtazama. Mita hakuweza kurudisha macho.

Mwisho wa mkutano diwani alitoa kauli. Amewasikiliza wote, alisema, na kubwa lililomgusa ni mzee aliyeitumikia serikali tangu ujana wake, mtu wa idara ya maji, ambaye mwenyewe amesimama na kusema serikali iachie. "Kama yeye amesema, mimi ni nani?" Chumba kingekabidhiwa mwisho wa mwezi.

Watu walitoka. Mita alibaki kuvipanga viti, kwa sababu vilikuwa vimevurugwa na ilikuwa lazima vipangwe. Mkutubi alianza upande wa pili. Walikutana katikati.

"Baba, kwa nini hukuanza na lako?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Nyie nani?"

Mita alifikiri. Swali lilikuwa la haki. "Mimi na shemeji yangu," akasema.

Msichana alikiweka chini kiti alichokuwa amekishika. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa zito zaidi. "Labda wangeamua vilevile," alisema. "Yule bwana alikuja na fundi wa paa kabisa. Usijibebeshe yote, baba." Kisha akaenda kufunga madirisha, moja moja, na alipofika kwenye dirisha la Mita alilifunga kama mengine.

Mita alitembea kwenda nyumbani akilitafakari lile neno labda. Alijaribu kulitendea haki. Huenda diwani alikuwa amekwisha kuamua. Huenda sivyo. Lakini kila alipoigeuza hesabu alibaki na kitu kimoja ambacho hakuwa na pa kukiweka: aliijua kona ya kugeukia, na hakugeuka kwa sababu alikuwa akifurahi.

Siku chache baadaye, mchana, alipiga simu. Alikuwa amejiandaa kwa sauti ya binti, na maneno ya kumwambia binti yalikuwa tayari mdomoni.

"Nani?"

"Shemeji," alisema Mita, na mengine yote yakampotea.

"Ala! Kumbe u hai? Nilishakusomea dua nikakusamehe. Binti katoka, nimeipapasa simu mpaka nimeiangusha. Ile riwaya umemaliza?"

"Bado."

"Bado? Kitabu kile? Wewe unasoma au unahesabu herufi?"

Mita alicheka. Kisha akamweleza yote kwa utaratibu: halmashauri, mfanyabiashara, mkutano, namna alivyoanza na la asiyekuwepo, mapazia ya ofisini na watu walivyocheka. Hakuficha kwamba alipitiliza. Sababu tu ndiyo hakuisema.

"Wewe," alisema Bi Mapazia mwishoni, "umesimama mbele ya diwani ukanishindisha mimi?"

"Ilikuwa sheria yetu."

"Sheria yetu. Na ya kunipigia kwanza uniulize nasema nini siku hizi, hiyo haikuwa sheria?"

"Najua unasema nini."

"Ulikuwa unajua." Alivuta pumzi. "Shemeji, huku kuna chumba kama hicho anachokitaka huyo bwana wako. Kizuri, kina feni, kina vigae. Unalipa mlangoni. Si nyingi. Lakini duka nimeliuza, na fedha anaiweka binti, kwa sababu mimi noti sizitofautishi tena. Sasa mtu mzima mimi nimwambie mwanangu nipe hela nikakae na watu? Nilikwenda mara mbili. Mara ya tatu nikaona haya, nikamwambia goti linauma."

Mita alishika simu kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nadhani mlango ulio wazi ni wa wavivu," aliendelea. "Ukiwa na ufunguo wako huoni mlango. Basi huyo uliyemsemea, shemeji, na ukamsemea vizuri, maana nakujua, huyo amekwisha hama. Mimi ningekuwapo ningesimama upande wako."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukupiga." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma alama kwenye utepe wa kupimia. "Haya. Lako hukulisema. Liseme."

"Hapa?"

"Unataka nikukodie ukumbi?"

Mita aliinuka, akazima redio, akabaki amesimama katikati ya chumba chake kama alivyosimama siku ile. Akaanza na kifuniko cha kwanza baada ya kona ya msikiti. Alisema kuwa kazini aliona nyumba za ghorofa na vibanda vya bati, mita kubwa na mita ndogo, lakini bomba lililopita chini ya barabara lilikuwa moja, na hakuna hata siku moja alipoliona bomba likichagua. Alisema kuwa mtu akijinunulia, hununua kinachomtosha, na hiyo si dhambi, ila yako mambo ambayo hayatoshi mpaka yawe ya wote. Alisema kuwa kitabu mtu anaweza kujinunulia akakisoma kitandani kwake. Mtu wa kukaa naye mezani hauzwi dukani. Kwa hiyo kile ambacho serikali inakilipia pale, hata kama haijui, si karatasi zile. Ni kile kiti cha pili.

Alisema polepole, bila kuruka, na alipomaliza alikuwa kama aliyeizunguka njia nzima kwa miguu.

Akasubiri. Katika miaka yote hakuwahi kufikisha hoja mwisho bila Bi Mapazia kuidaka kabla haijatua: anaitia makasi, anaigeuza bitana nje, anaonyesha mahali uzi ulipolegea. Mita mwenyewe aliona nyuzi mbili zilizolegea. Lile la bomba lilikuwa rahisi kulivunja, maana bomba lilichagua sana miaka ya ukame, na shemeji alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Kweli," alisema Bi Mapazia. "Umesema kweli tupu, shemeji."

Mita aliendelea kusubiri. Alimsikia anapumua, akasikia mlango mahali fulani katika nyumba ile ya mbali, na sauti ya binti ikisalimu.

"Hilo la bomba," akasema Mita kwa haraka ambayo haikuwa yake, "unaweza kulipinga. Mwaka ule wa ukame, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Lakini wewe umesema vizuri, mimi nipinge nini?" Sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa mtu anayempisha mwenzake njia. "Binti amerudi, ngoja nimpe simu yake. Kula vizuri, shemeji. Huko mvua imeshaanza?"

Mita alitoka na simu sikioni mpaka mlangoni, akatazama juu ili amjibu sawasawa. Mawingu yalikuwepo, ya kutosha kubishaniwa.

"Bado sijui," akasema. Lakini upande wa pili simu ilikuwa imekwisha kupokelewa na mtu mwingine.